Shanta la droni: historia fupi, na ungamo langu

Najua nimeadimika. Majaribio matatu ndani ya wiki mbili, bumu limechelewa, na mwenzangu wa chumbani ana malaria. Lakini leo nimesema liwe liwalo, lazima niandike.

Leo nimekuja na historia, msikimbie! Wanaonifahamu wanajua nasoma historia, na kila nikisema hivyo naulizwa swali lile lile: "Kwa hiyo utafundisha wapi?" Sasa muhula huu mwalimu wetu wa mbinu za utafiti katupa kazi tamu: chagua kitu unachoweza kukishika mkononi, uandike kimefikaje kuwa hivyo kilivyo. Mmoja kachagua kanga. Mwingine jiko la mkaa. Mimi nikasimama nikasema, "Shanta la kubebea droni ndani ya ndege ya abiria." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, halafu akauliza, "Kwa nini hilo?" Nikamjibu jibu la kisomi. Jibu la kweli ni hili hapa chini, na sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani, anayesoma upimaji ardhi, alikuwa na kazi ya idara yao: kupiga picha kwa droni ufukwe wa Ziwa Victoria upande wa Ukerewe. Walitaka mtu wa kuongea na wazee kuhusu maji yalikuwa yanafika wapi zamani, nikachukuliwa mimi. Vibali vyote vya kurusha alikuwa navyo msimamizi wao. Mimi niliambiwa nibebe droni yenyewe, maana wengine walikuwa wamebeba vipimo. Nikachukua begi langu la darasani, lile mnalolijua, zipu moja imekufa. Betri nne nikazitupia chini kabisa. Juu yake chaja, suruali mbili, rimoti, halafu droni nimeiviringishia sweta. Kwenye mfuko wa ndani kulikuwa na funguo na sarafu. Kumbukeni hizo sarafu.

Uwanjani Dar mambo yakaenda vizuri. Tulipofika kwenye ngazi za ndege (ilikuwa ile ya mapanga, pangaboi kama watu wanavyoita), kijana aliyesimama mlangoni akalitazama begi langu, akasema, "Kaka, hili halitaingia kule juu, tunaliweka chini. Utalipokea Mwanza." Akatoa lebo. Halafu akaniuliza vizuri tu, kwa adabu: "Kuna betri za akiba humu?"

Nikasema hakuna.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, jua linachoma, na ili nizitoe zile betri ningelazimika kumwaga suruali zangu na mengineyo mbele ya watu wote pale kwenye lami. Nikaona aibu. Begi likaenda tumboni mwa ndege, tukafika Mwanza salama, kazi ikafanyika, nikasahau. Mpaka nilipoanza kusoma kwa ajili ya hii kazi ya mwalimu.

Haya, tuanze na hiyo betri, maana bila yeye shanta la droni lisingekuwa tofauti na begi jingine lolote.

Miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa kwenye kampuni ya mafuta ya Exxon kule Marekani, alianza kutengeneza betri ya kuchajiwa yenye lithiamu. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake pale Oxford wakapata kemikali bora zaidi, oksaidi ya kobalti. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaunda betri isiyotumia lithiamu ya chuma tupu, ambayo ndiyo iliyokuwa inaleta hatari kubwa. Sony wakaiingiza sokoni mwaka 1991. Wazee hao watatu walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97! (Kwa hiyo wewe unayelia umerudia mwaka mmoja, tulia.)

Ila moto ulikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1989 kampuni moja ya Kanada, Moli Energy, ililazimika kurudisha betri zake baada ya simu za mkononi kule Japani kuanza kushika moto. Hizo zilikuwa na lithiamu ya chuma. Hizi za kwetu za leo, lithiamu-ayoni, ni tulivu zaidi, lakini ndani bado kuna kimiminika kinachowaka. Seli moja ikipigwa shoti au ikibonyea, joto hupanda, joto hilo humchemsha jirani yake, jirani naye huchemsha wa pili, na safari imeanza. Na shoti haihitaji maajabu. Inatosha kipande cha chuma kigusane na sehemu mbili za kupitishia umeme kwa wakati mmoja. Funguo, kwa mfano. Au sarafu.

Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka Dubai jioni kuelekea Cologne, Ujerumani. Ndani walikuwa watu wawili tu, rubani na msaidizi wake. Kwenye mizigo kulikuwa na maelfu kwa maelfu ya betri za lithiamu. Dakika kama 22 baada ya kuruka, kengele ya moto ikalia. Doha ilikuwa karibu zaidi, lakini rubani akaamua kurudi Dubai. Moshi ukaingia chumba cha marubani mpaka wakawa hawaoni vipimo vilivyo mbele ya macho yao. Mfumo wa oksijeni wa rubani ukagoma, akaacha kiti chake kwenda kutafuta nyingine, na hakurudi. Msaidizi akabaki peke yake, haoni dashibodi, haoni nje, anapokea maelekezo kwa sauti kupitia ndege nyingine zilizokuwa zinampasia ujumbe kwa redio. Akaupita uwanja wa Dubai akiwa juu mno, akashindwa kurudi, ndege ikaanguka karibu na kambi ya jeshi. Tangu kuruka hadi kuanguka haikufika saa moja. Wachunguzi wa Falme za Kiarabu walitoa ripoti yao mwaka 2013, wakasema moto ulianzia kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu.

Niliisoma ripoti ile saa nane ya usiku, mwenzangu anakoroma kitanda cha pili. Nilipofika pale msaidizi anasema hawezi kuona, nikafunga kompyuta. Ndege yetu ya Mwanza ilikuwa na watu kama sabini. Kulikuwa na mama mmoja kiti cha mbele yangu na mtoto mchanga aliyelia njia nzima, mimi nikawa nakunja uso kwa kukerwa na kelele zake. Mimi! Niliyekuwa nimeweka zile betri na sarafu chini ya miguu yake.

Sitaki kuwatisha bure. Betri nne si sawa na shehena ya maelfu, na zangu ziko ndani ya maganda magumu ya plastiki, ncha zake zimezama ndani kidogo. Uwezekano wa kutokea jambo ulikuwa mdogo. Lakini swali la yule kijana mlangoni halikuwa la kupoteza muda, lina historia yake, na historia hiyo ina makaburi. Kabla ya mwaka mmoja wa ajali ile hata kutimia, tarehe 28 Julai 2011, Boeing 747 nyingine ya mizigo, ya Asiana ya Korea Kusini, iliwaka moto angani ikaanguka baharini magharibi ya kisiwa cha Jeju. Marubani wawili walikufa. Humo nako kulikuwa na betri za lithiamu, ingawa wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kilichouwasha moto ni nini hasa. Na nyuma zaidi, Februari 2006, ndege ya UPS ilitua Philadelphia ikiwa inafuka moshi. Hiyo watu wake watatu walipona.

Sasa mtu atauliza (na mwenzangu aliuliza, na malaria yake): kama betri ni hatari, kwa nini wanataka nikae nayo mimi abiria? Si ndiyo ikae mbali na watu?

Hapo ndipo nilipopapenda. Tumbo la ndege ya abiria lina gesi ya haloni ya kuzimia moto. Haloni inaua miali vizuri sana, lakini haipozi joto. Betri ya lithiamu-ayoni haihitaji miali ili iendelee kulipuka seli kwa seli, joto linaitosha. Dawa yake ni kitu cha kupoza, yaani maji mengi. Na maji yanahitaji mtu wa kuyamwaga. Juu kuna wahudumu waliofunzwa, kuna macho mia yanayoona moshi, kuna chupa za maji. Chini kuna giza. Kwa hiyo tarehe 1 Januari 2008 Marekani walipiga marufuku kuweka betri za akiba za lithiamu kwenye mizigo inayokwenda chini, na leo ndiyo kanuni karibu dunia nzima: betri ya akiba inakaa na mwenyewe, ncha zake zimefunikwa. Mwaka 2016, tarehe 1 Aprili, shirika la umoja wa mataifa la usafiri wa anga, ICAO, likazuia hata kusafirisha betri tupu za lithiamu-ayoni kama shehena kwenye ndege za abiria.

Kipimo chake ni wati-saa, ile "Wh" iliyoandikwa ubavuni mwa betri. Isipoandikwa piga hesabu mwenyewe: mAh mara volti, gawanya kwa 1,000. Betri zetu ni za Mavic 2: 3,850 mara 15.4, unapata 59.29. Chini ya 100 hakuna tatizo. Kati ya 100 na 160 uombe ruhusa ya shirika la ndege, na akiba zisizidi mbili. Zaidi ya 160 hupandi nayo. Zile droni kubwa za upimaji za DJI Matrice 200 huweza kutumia betri za 174.6, na zikiwa hizo wenzetu wa idara wakitaka kuitumia mikoani inabidi betri zitafutiwe njia nyingine.

Sasa nije kwenye begi lenyewe. Neno shanta limetufikia kupitia Kiarabu, na Waarabu nao wamelitoa kwa Waturuki. Lakini begi la mgongoni lenye umbo la mgongo, lile, tunamdai Ole Bergan wa Norwe. Mwaka 1908 akiwa mawindoni na mzigo unamuumiza, alikunja tawi la mti kufuata mgongo wake akalifunga kwenye begi, mwaka uliofuata akapata hataza. Mpaka leo askari wa Uingereza huliita shanta lao "bergen". Mwaka 1952 Dick Kelty wa California akaweka fremu ya alumini na mkanda wa kiunoni, uzito ukahamia kwenye nyonga. Safi, ila jaribu kuingiza fremu ya alumini kwenye ndege. Mwaka 1967 Greg Lowe, mpanda milima, akaficha fremu ndani ya begi. Huyo huyo ndiye aliyewatengenezea wapanda milima begi lenye sponji la kamera, likazaa Lowepro. Kwa hiyo shanta la droni ni mjukuu wa begi la kamera, na kitukuu wa lile la mwindaji wa Norwe.

Droni nazo zilibadilika. DJI Phantom ya Januari 2013 ilikuwa haikunjiki, mguu wa pembe hadi pembe milimita 350, na miguu yake ya kutulia chini. Begi lake lilikuwa kama kobe. Septemba 2016 GoPro wakaleta Karma, droni inayouzwa ndani ya begi lake la mgongoni, kila kitu kina shimo lake. Hao ndio walilifikiria begi kwanza. Siku chache baadaye DJI wakatoa Mavic Pro inayokunjika, na ukubwa wa begi ukakoma kuwa tatizo. Karma iliishaje? Novemba 2016 GoPro wakarudisha droni kama 2,500 kwa sababu zilikuwa zinazima angani, kisa kishikizo cha betri hakikamati sawasawa. Begi zuri, betri inachomoka!

Lakini kitu kilichonifungua macho ni mlango wa ndege. Zamani juu ya viti kulikuwa na rafu wazi za kofia na makoti tu. Kabati za kufunga zilikuja na Boeing 747 mwaka 1970, watu wakaanza kupanda na mabegi. Halafu Juni 2008 American Airlines wakaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalokwenda chini, na wengine wakafuata. Nani atalipa? Watu wakahamishia kila kitu juu, kabati zikajaa, yanayobaki yanachukuliwa mlangoni. Angalieni mwaka, wadau. 2008 hiyo hiyo! Januari sheria inasema betri zipande juu na mwenyewe, Juni biashara inaanza kuyasukuma mabegi yashuke chini dakika ya mwisho. Vitu viwili visivyojuana, vimekutana mlangoni, pale niliposimama mimi na suruali zangu. Na kwenye pangaboi hata bila hiyo ada kabati zenyewe ni ndogo.

Kinyume chake kilitokea pia. Machi 2017 Marekani walizuia kompyuta na vyote vinavyozidi ukubwa wa simu kuingia na abiria wanaokwenda kwao kutoka viwanja kumi, vikiwemo Dubai, Doha na Istanbul, ambako wengi wetu hupitia. Sababu ilikuwa hofu ya mabomu. Wanafunzi wetu wa huko wakaambiwa kompyuta ziende chini, yaani betri zirudi kule kule gizani. Zuio liliondolewa Julai mwaka huo huo. Hofu moja ilikuwa imeifukuza nyingine.

Basi nimekwenda Kariakoo na vigezo vyangu. Kijana wa kwanza akanionyesha begi gumu kama sanduku, "Braza, hili la droni kabisa." Zuri kwa macho. Nikaliinua: tupu, kilo mbili na nusu. Hesabu yangu: droni gramu 907, betri nne za gramu 297 ni 1,188, rimoti na chaja kilo moja, kompyuta kilo mbili. Hiyo ni kilo tano na kidogo. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 mkononi. Begi lenyewe likila mbili na nusu nimeshapitiliza, na nikipitiliza nalipeleka chini. Nikaliacha.

Mbele kidogo nikamkuta mzee wa mtumba. Shikamoo, marahaba mwanangu, tukaanza. Alikuwa na shanta la kamera la zamani, limechakaa pembeni, halifiki kilo moja na nusu. Ndani lina vigawanyo vya sponji vya velcro, vile vinavyolia krrr. Zipu yake kuu iko upande wa mgongo, kwa hiyo kwenye daladala hakuna wa kukufungulia. Akaanzia 60,000, nikalala nayo 35,000. Akaniuliza, "Kwani unabeba nini humu?" Nikamwambia ndege. Akanitazama kwa huruma.

Kilichokosekana ni kitu kimoja, nikampelekea fundi cherehani wa pale nje ya geti: kifuko cha turubai chenye vyumba vinne na mpini wa kitenge chekundu, kinakaa juu kabisa, chini ya zipu ndogo. Kila betri ina kofia yake ya plastiki, isiyo na kofia inapigwa selotepu kwenye ncha. Wakilitaka shanta, wachukue, mimi nanyanyua mpini nabaki na betri. Nimejipima kwa saa ya simu: sekunde saba. Na kifuko hakiendi kabatini. Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliungua paa ikiwa bado chini pale Busan, moto ulianzia kabati za juu, na wachunguzi walishuku chaja ya mkononi. Watu 176 walitoka wote. Baada ya hapo Korea wakaagiza vitu hivyo visiwekwe kabatini, abiria akae navyo anapoviona. Kwa hiyo changu kitakuwa miguuni pangu.

Betri nazo nimezipunguza chaji mpaka asilimia 30. Hicho ni kiwango walichowekewa wanaozisafirisha kama shehena, abiria halazimishwi, ila umeme mdogo ni moto mdogo. Sarafu zote nimempa mwenzangu akanywee chai.

Alhamisi tunakwenda tena Ukerewe, ndege ya aina ile ile. Naomba mlangoni niulizwe swali lile lile.

Halafu, mwenye kofia za betri za Mavic 2 aniazime moja, yangu ya nne imepotelea chini ya kitanda na huko siwezi kuingia kabla ya mgonjwa hajapona.